Grainda ya Kale: Ifufuliwe au Ipimwe kwa Kilo?

MWENYE KARAKANA: Mimi sinunui kutu kwa sababu tu kutu hiyo imetoka Uingereza. Hapa Gerezani nikiingia duka la vifaa natoka na grainda mpya ya mezani, ina boksi, risiti na mawe mawili, na kabla ya adhuhuri inanoa. Hii mnayoizunguka haina plagi, jiwe moja limemeguka, na kinga ya upande wa kushoto haipo kabisa. Nionyesheni thamani yake iko wapi.

FUNDI MKONGWE: Iko kwenye vitu ambavyo hakuna duka litakuuzia. Jiwe linanunuliwa. Beringi, waya, swichi na kapasita vinanunuliwa. Rangi ndiyo usiseme. Lakini shafti iliyonyooka, rota iliyosawazishwa vizuri na bodi nzito ya chuma cha kusubu, hivyo ukivikosa umevikosa. Kwa hiyo mimi nikikutana na grainda ya kale nauliza kwanza kama hivyo vitatu vipo na ni vizima. Vikiwa vizima, yaliyobaki ni orodha ya manunuzi. Shafti ikiwa imepinda, hata rangi ya kiwandani iwe inang'aa, namwachia mama aiweke kwenye mizani.

MUUZA CHAKAVU: Mizani ipo tayari, mzee wangu. Bodi ni chuma kizito, na ndani kuna kopa. Mnunuzi wa kopa haniulizi habari za shafti.

MWENYE KARAKANA: Na utajuaje shafti imenyooka wakati mashine haijawaka? Kila anayeuza kitu kibovu anakuapia kwamba kilikuwa kinafanya kazi mpaka jana.

FUNDI MKONGWE: Muuzaji mwache, soma nati. Upande wa kulia wa grainda nati inafunguka kama nati yoyote. Upande wa kushoto hesi imegeuzwa, ili mzunguko wa jiwe usiilegeze nati kazini. Asiyelijua hilo huishika nati ya kushoto na kuivuta upande aliouzoea, kumbe anaikaza. Ikigoma anachukua tindo na nyundo. Kila pigo linaingia kwenye ncha ya shafti, na hapo ndipo nyingi zinapinda. Sasa itazame hii. Nati ya kushoto ina kona zake zote sita, haina kovu hata moja la tindo. Ama haijafunguliwa, ama aliyeifungua aliijua kazi yake.

MWALIMU WA UFUNDI: Hiyo ni dalili tu, mzee. Shafti hupinda pia mashine ikianguka sakafuni au ikitupwa kutoka kwenye lori.

FUNDI MKONGWE: Kweli, ndiyo maana siishii kwenye nati. Nikishapata ruhusa ya kuifungua natoa mawe yote mawili na zile sahani zinazoyabana, shafti inabaki uchi. Naweka saa ya kupimia kwenye shafti, naizungusha polepole kwa mkono. Mshale ukicheza sehemu mbili au tatu za mia za milimita, nafurahi. Ukicheza milimita nzima, safari imeishia hapo. Siku ikiwashwa, inawashwa hivyohivyo bila mawe. Ikitulia, mtikisiko wowote utakaokuja baadaye umeletwa na mawe au sahani, na hayo yanatibika. Ikitetemeka ikiwa tupu, ugonjwa upo kwenye rota, shafti au beringi. Wanunuzi wengi wanafanya kinyume: wanaiwasha na jiwe lake la zamani, lililoliwa upande mmoja, mashine inaruka mezani, wanaitupa. Walichokitupa kilikuwa kizima, kibovu kilikuwa jiwe.

MWENYE KARAKANA: Nimewahi kusikia kipimo chepesi zaidi. Izime halafu uhesabu inazunguka muda gani kabla ya kusimama. Ikichelewa, beringi ni nzima.

MWALIMU WA UFUNDI: Kipimo hicho kimewadanganya wengi, kijana wangu. Beringi iliyokaukiwa grisi haina kinachoizuia, kwa hiyo huzunguka muda mrefu sana. Beringi mpya yenye kifuniko cha mpira pande zote mbili husimama mapema, maana mpira ule unagusa. Ukihukumu kwa muda peke yake utaisifu iliyokauka na kuikataa iliyo mpya. Zungusha kwa vidole umeme ukiwa umetolewa, uhisi kama kuna mchanga ndani. Kisha shika ncha ya shafti, isukume juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha au nyumba yake imelika.

FUNDI MKONGWE: Na kama ni beringi imekwisha, hilo halinipi homa. Mashine nyingi zinatumia namba tunazozijua, 6202, 6203, 6204. Hiyo 6203 ina tundu la milimita 17 na kipenyo cha nje cha milimita 40, na duka lolote la beringi Kariakoo linayo.

MWALIMU WA UFUNDI: Mashine nyingi, si zote. Waingereza wa zamani walipima kwa inchi. Ukifungua ukakuta shafti ya inchi 5/8, hiyo ni karibu milimita 15.9. Beringi ya milimita 15 haiingii, ya milimita 17 inapwaya. Nimeona watu wakizungushia shafti kipande cha bati la kopo ili 6203 ikae. Jiwe zito linazunguka juu ya bati la kopo! Beringi za inchi bado zinatengenezwa, lakini utaagiza, utasubiri na utalipa. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei, fungua kifuniko cha pembeni usome namba ya beringi.

MWENYE KARAKANA: Mnaona wenyewe? Bado hatujafika kwenye umeme, na tayari kuna saa ya kupimia, kuna kuagiza beringi, kuna kusubiri.

MWALIMU WA UFUNDI: Tufike sasa, maana hapo ndipo penye kuua. Kibati cha maelezo ndicho cheti cha kuzaliwa cha mashine. Hiki kimeandikwa Wolf, London, volti 230 hadi 250, na mizunguko ya umeme 50 kwa sekunde. Neno hezi halipo. Hezi ilipitishwa kimataifa mwaka 1960 na ikachukua miaka kuenea, kwa hiyo kibati kinachosema mizunguko kinatuonyesha kwamba mashine ina umri. Umri huo una mambo yake. Nyaya za wakati ule zilivikwa mpira wa asili, nao hufa. Ukiukunja waya mpira unapukutika, kopa inabaki wazi ndani ya bodi ya chuma ambayo mtu ataishika kwa mikono miwili.

FUNDI MKONGWE: Nyaya hizo natoa zote, Mwalimu. Hilo hatubishani.

MWALIMU WA UFUNDI: Ukitoa, usiunganishe kwa kufuata rangi tu. Katika mashine za Uingereza za kabla ya kanuni ya mwaka 1969, mwekundu ni moto, mweusi ni nyutro, kijani ni ethi. Katika mashine ya Marekani mweusi ndio moto na mweupe ni nyutro. Fundi anayezichanganya mbili hizi anaiweka swichi kwenye nyutro: mashine inaonekana imezimwa, kumbe koili ina umeme. Na mashine isiguse soketi kabla koili haijapimwa kwa mega ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu moja kati ya koili na bodi, usiiwashe.

FUNDI MKONGWE: Hapo nami niseme jambo kuhusu pwani yetu. Mashine iliyolala stoo Tanga au Mombasa miaka mingi itasoma chini karibu kila mara, kwa sababu imekunywa unyevu. Haimaanishi koili imeungua. Toa rota, ianike stata juani siku kadhaa, au ifungie kwenye sanduku na balbu ya moto, upime tena. Nyingi hupanda. Koili iliyoungua unaijua kwa pua kabla ya mita, na vanishi yake imegeuka makaa. Watu wanakimbilia kusuka mota wakati mota ilikuwa inadai jua tu.

MUUZA CHAKAVU: Zimeshapita mikononi mwangu mota nyingi za namna hiyo. Zimeletwa kama zimekufa, nimezivunja, kopa imetoka nyekundu safi. Hakuna aliyeniambia habari za jua.

MWENYE KARAKANA: Juzi nilioneshwa moja ya Marekani, Baldor, shafti imenyooka kama mlivyosema. Vipi hiyo?

FUNDI MKONGWE: Baldor ni jina. Kampuni ilianza St. Louis mwaka 1920 na sifa yake ya kutulia kazini inastahili. Ile sahani ya kubania jiwe ni chuma cha kusubu kilichochongwa, si bati lililopigwa kwa mashine, kwa hiyo jiwe linakaa wima.

MWALIMU WA UFUNDI: Jina zuri, lakini soma kibati. Ikiwa ni volti 115 na hezi 60, hapa kwetu hezi ni 50. Kasi inashuka hadi tano ya sita: mota ya mizunguko 3,450 kwa dakika inakwenda kama 2,875. Hilo unaweza kuishi nalo. Usiloweza kuishi nalo ni joto. Mota ya hezi 60 ikilishwa hezi 50, volti zake nazo zishuke kwa kiasi hichohicho, yaani 115 iwe kama 96. Transfoma za madukani zinatoa 110. Mota inavuta umeme wa ziada, inachemka ikiwa haifanyi hata kazi, na mwenye mashine analaumu uzee.

MWENYE KARAKANA: Na zile kubwa za fezi tatu zinazotoka kwenye karakana za mashamba ya mkonge? Hizo huwa bei ya chini sana.

FUNDI MKONGWE: Ni bei ya chini kwa sababu wengi wanaziogopa. Siku hizi kuna inveta inayochukua fezi moja ya nyumbani na kutoa fezi tatu, lakini inatoa fezi tatu za volti 230. Angalia kisanduku cha nyaya. Ukikuta ncha sita, unaunganisha kwa delta na kazi imekwisha. Ukikuta tatu, mara nyingi maana yake nyota imefungwa ndani ya koili, na itabidi fundi wa kusuka mota aitafute na kuifungua. Inawezekana, ila umlipe aliyezoea.

MWENYE KARAKANA: Sasa nisikilizeni na mimi. Mzee wangu, nimekuwa nahesabu moyoni wakati mnazungumza. Jua siku kadhaa. Beringi za kuagiza. Mega ya kuazima. Waya, plagi, mawe mawili mapya. Inveta ikibidi. Na juu ya yote, saa za mikono yako, ambazo hujazitaja hata mara moja! Unasema umeipata kwa bei ya chuma, lakini umeilipia kwa wiki nzima ya kazi. Mimi nina vijana wawili wanasubiri kula leo. Wiki ya kazi kwangu ni mageti mawili ya kuchomelea. Anayeweza kufufua mashine ni yule mwenye pensheni, au yule wa Ulaya anayefanya Jumamosi kwenye gereji yake kwa kujiburudisha. Mnaniuzia starehe ya mtu mwenye nafasi mkiipa jina la hekima.

FUNDI MKONGWE: Umesema neno zito na sitalikimbia. Ukiihesabu kazi yangu kwa bei ya mageti yako, mashine hii inaizidi mpya kwa gharama, nakubali. Lakini na wewe ihesabu ile mpya mpaka mwisho. Geuza boksi lake usome. Utakuta alama S2 na dakika 30. Hiyo ni lugha ya watengenezaji wa mota duniani kote: ifanyishwe kazi nusu saa, kisha iachwe ipoe kabisa. S1 ndiyo ya kazi mfululizo. Vijana wako wananoa tindo asubuhi, wanasafisha maungio mchana kutwa, mashine inapoa saa ngapi? Ikiungua unasema ni bahati mbaya, unanunua nyingine. Umeshanunua ngapi?

MWENYE KARAKANA: Zimefika tatu. Lakini kila moja ilijilipa kabla haijafa.

FUNDI MKONGWE: Na kila moja iliponoa ilitikisika, kwa sababu jiwe lake limekaa juu ya kipete cha plastiki na sahani za bati. Jiwe likiyumba, tindo inaruka, makali yanatoka mawimbi, kijana anakandamiza zaidi, chuma kinageuka buluu. Buluu ile inakuambia ugumu umeondoka. Fundi mwenzangu anayechonga milango Unguja hanoi patasi zake kwenye mashine ya aina hiyo kwa sababu hiyo. Kuna kazi iliyoharibika hapo ambayo nawe hujaihesabu.

MWALIMU WA UFUNDI: Niwaingilie wote wawili, maana mnabishana juu ya fedha na mimi natazama upande wa kushoto wa hii mashine, usio na kinga. Jiwe la milimita 200 kwa mizunguko 2,850 linakwenda ukingoni karibu mita 30 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kasi ya basi la mikoani, na jiwe likipasuka vipande vinaondoka na mwendo huo kuelekea uso wa anayenoa. Mzee, uliposema vitu vitatu visivyonunulika, hukuitaja kinga. Mimi naiweka ya kwanza.

FUNDI MKONGWE: Kinga inatengenezeka, Mwalimu. Nina kipande cha bomba la chuma nene.

MWALIMU WA UFUNDI: Unatengeneza wewe. Wenzako wanakata bati la paa, wanalipaka rangi ileile ya mashine, na mnunuzi anaona kinga. Kinga ya kweli inazunguka jiwe na kuacha wazi robo tu ya duara, imefungwa kwenye bodi kwa bolti zinazobeba pigo. Kiegemezo cha kushikia tindo kiwe milimita 3 kutoka kwenye jiwe, isizidi. Ulimi wa juu milimita 6. Jiwe linavyoliwa, vyote visogezwe. Na mawe yaliyokuja na mashine, yote mawili, yatupwe.

MWENYE KARAKANA: Hata hili la kulia? Linaonekana zima.

MWALIMU WA UFUNDI: Hata hilo. Jiwe zima ukilining'iniza kwa kidole na kuligonga kwa mpini wa mbao linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya kufa. Lakini jiwe lililonyweshwa mafuta stoo halikupi jibu la kuaminika, na hatujui hili lililala na nini. Weka jipya, lenye karatasi zake pande zote mbili, kasi iliyoandikwa izidi kasi ya mashine, uliache lizunguke dakika nzima wewe ukiwa umesimama pembeni.

MUUZA CHAKAVU: Na lile kopo la pembeni, kapasita, mbona umelitenga kwenye mfuko?

MWALIMU WA UFUNDI: Makopo ya umri huu baadhi yana mafuta ya PCB. Ni sumu inayokaa mwilini na ardhini, Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka 1979. Likivuja usilishike kwa mkono mtupu, mama, na tafadhali usilichome moto pamoja na nyaya. Wala hiyo rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu, inaweza kuwa na risasi.

FUNDI MKONGWE: Kwa kutu hata sihitaji msasa. Vile vipande vidogo, viegemezo na sahani, navitumbukiza kwenye maji ya magadi, naunga upande hasi wa chaja ya betri kwenye kipande na upande chanya kwenye chuma chakavu, chuma cha kawaida, kamwe si kile kisichoshika kutu. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi, linafutika kwa brashi, na chuma chenyewe hakijapungua.

MWENYE KARAKANA: Mwalimu, kwa masharti yako nani atafufua? Mega, kinga, mawe mapya, kapasita mpya. Ukiyafuata yote, mashine ya bei ya kilo inakuwa ya matajiri. Ukiyaacha, inaua.

MWALIMU WA UFUNDI: Ndivyo. Mashine ambayo haiwezi kubeba gharama ya usalama wake haina thamani ya kufufuliwa, hata ikiwa na shafti ya dhahabu. Nasema hivyo nikijua itanikosanisha na mzee.

FUNDI MKONGWE: Hujanikosanisha. Ila masharti hayohayo yapeleke kwenye ile mpya. Kiegemezo chake ni bati linalopinda ukilikandamiza. Ulimi wa juu ni kioo cha plastiki. Milimita 3 zako zinashikika vipi pale? Mbona mpya haiulizwi cheti?

MWALIMU WA UFUNDI: Iulizwe. Sijasema isiulizwe.

MUUZA CHAKAVU: Sasa nami nina neno langu, kwa sababu mmekaa juu ya mali yangu mkizungumza kana kwamba mimi ni mizani tu. Mzee unasema shafti hii hainunuliki popote. Bodi hainunuliki. Rota hainunuliki. Halafu unataka kunilipa bei ya kilo. Kama thamani ipo, kwa nini ianzie kwako? Mimi ndiye niliyeilipia shambani, nikalipa lori, nikaiweka kivulini badala ya kuivunja siku ileile. Wenzangu wangekuwa wameshatoa kopa.

FUNDI MKONGWE: Kwa sababu hatari ni yangu, mama. Koili ikiwa imekufa, siwezi kukurudishia.

MUUZA CHAKAVU: Basi hatari tuigawane. Mwalimu aje na mega, wewe uje na hiyo saa yako, mpime hapa mbele yangu, na nati hiyo ya kushoto uifungue wewe mwenyewe. Ikiwa imekufa, unaondoka bure na mimi navunja. Ikisoma nzima, tunapatana bei ya mashine, na neno kilo lisitajwe tena.

MWENYE KARAKANA: Na mkiipima ikawa nzima, mama, mimi nami nitataja bei yangu.